Bure, lakini iko na mwenyewe

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wenzetu hapa Lubumbashi. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wale waliokuja lakini walikaa nyuma karibu na jenereta.)



Tunajua wengi wenu mulikuja mukifikiri tutaongea juu ya mambo mengine, yale ya kila siku. Leo tunaongea juu ya michezo. Si mpira. Michezo ya video, ile ya kwenye telefone na kompyuta. Na hatuongei juu ya kuicheza, kwa hiyo hakuna anayehitaji masomo. Tunaongea juu ya kuitengeneza.

Siye tuko wengi hapa wenye diplome. Kuko wa informatike, wa uchumi, wa sheria, hata wa agronomia. Asubuhi tunaamka, tunaoga, tunavaa vizuri, halafu hakuna fasi ya kwenda. Kati yetu kuko waliotumia hizo siku kujifunza kutengeneza michezo. Programu yenyewe si shida tena. Godot ilianzishwa na watu wawili wa Argentina, ikafunguliwa kwa wote mwaka 2014, na haiombi kitu: leo haulipi, na siku mchezo wako utauzwa pia haulipi. Inaomba kompyuta, umeme na uvumilivu. Uvumilivu tunao, umeme tunaungoja.

Sasa tuangalie fasi wanapokwama. Mtu anajua kuprograme vizuri kabisa, lakini shujaa wake ni kare nyekundu inayoruka juu ya kare ya kijani, na mchezo wote uko kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Hajui kuchora. Hajui kupiga gita. Hana makuta ya kumulipa anayejua. Kisha miezi miwili anachoka, anaacha. Ao anafanya kile wengi wanafanya: anaingia Google, anachukua picha ya kwanza inayomupendeza, anaweka na wimbo wa msanii fulani juu yake, anasema mchezo umeisha.

Ukimuuliza, anakujibu: "Yaya, hii kitu iko mu Google, ni ya batu bote." Hapana, mdogo wetu. Google inakuonyesha tu, sawa vitrine ya duka inakuonyesha viatu. Kongo iko ndani ya Mkataba wa Berne, na ndani ya Mkataba huo kazi ya msanii inalindwa tangu anapoitunga, hata kama hakuiandikisha fasi yoyote. Tena tuko na ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi. Na hata ukisahau sheria, duka la Google Play linaondoa mchezo mwenyewe wa picha anapolalamika. Kazi ya mwaka mzima inapotea juu ya picha moja ya mti.

Kuko anayesema: nani atatoka Tokyo kuja kunishitaki Kamalondo? Pengine hakuna. Lakini siye njo tunaopiga kelele kila siku juu ya mali inayobebwa bila kuuliza wenyewe. Wapapa zetu walipiga muziki, nyimbo zao zinachezwa kwenye bare na kwenye matangazo, na franga haifiki nyumbani kwao. Hatuwezi kuyasema hayo mchana na usiku kubeba kazi ya mchoraji wa inchi ingine kwa sababu tu iko mbali.

Habari njema ni kwamba hakuna haja ya kuiba. Kuko picha na muziki mingi sana, ya bure kweli, iliyotolewa na wenyewe kwa mikono yao.

Tunajua Mkongomani akisikia neno bure anashika mfuko wake. Anauliza: kuko mtego gani? Basi sikilizeni habari ya Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D. Kompanyi iliyokuwa nayo ilifunga. Mwaka 2002 watumiaji wakafanya kotizasio, wakakusanya Euro 100,000 ndani ya majuma saba, wakaikomboa, na tangu hapo iko ya wote. Ni likelemba, isipokuwa zamu ilikuwa ya dunia yote kwa mara moja. Ao mchezo mmoja ulioitwa Glitch: ulifungwa Desemba 2012 kwa kukosa wachezaji wa kutosha. Mwaka uliofuata wenyewe, badala ya kufungia michoro yao ndani ya kabati, waliitoa kwa watu wote, vipande zaidi ya 10,000: miti, wanyama, vyakula, nyumba. (Hao hao njo walitengeneza Slack, kwa hiyo hawakufa na njaa.)

Sasa tuje kwa neno lisansi. Tunajua hapa lisansi ni ile ya fakulte, ile tuliyoweka ndani ya plastiki na haijatupa kazi. Leo tunaongea juu ya lisansi ingine, ile karatasi ndogo inayosema nini unaweza kufanya na kazi ya mutu. Hii ya pili, tunaona, inafungua milango zaidi ya ile ya kwanza.

Zile za Creative Commons zilianza kutoka mwaka 2002, na kwa michezo njo utakazokutana nazo zaidi. CC0 maana yake mwenyewe ameachilia yote: chukua, badilisha, uza, hata jina lake hauombwi kulitaja. BY maana yake tumia unavyotaka lakini taja jina langu. SA inaongeza sharti: ukibadilisha kazi yangu na kuitoa, toa hiyo uliyobadilisha kwa lisansi ile ile. Hapo watu wanaogopa, lakini siye tunaipenda SA, juu inazuia mutu kuchukua cha wote, kukipaka rangi, na kukifunga nyumbani kwake.

Zenye kutusumbua ni mbili. ND inakataza kubadilisha, na ndani ya mchezo utakata, utapunguza, utageuza rangi, basi iache. NC inakataza biashara. Unasema: mchezo wangu haulipishwi. Sawa, lakini siku utakapoweka matangazo ndani yake ili upate makuta ya mega, umeingia ndani ya biashara. Wakati huo utakuwa unatafuta usiku kucha ni wimbo gani wa kutoa. Shauri letu: kama uko na ndoto hata ndogo ya kupata kitu kwa mchezo wako, usiguse NC tangu siku ya kwanza.

Na musidanganywe na maneno ya Kifaransa "libre de droits". Mara nyingi inamaanisha unalipa mara moja halafu haulipi tena. Si bure hata kidogo.

Fasi za kutafuta. OpenGameArt iko tangu 2009, ni ya michezo tu, picha na sauti, na uzuri wake haipokei kazi za NC, kwa hiyo nusu ya hatari imeondolewa mlangoni. Kenney ni mutu wa Uholanzi anayetengeneza vipande vya michezo kwa maelfu, vyote CC0, tena vinapatana: nyumba, gari, vitufe, sauti za kugonga. Kwa anayeanza, tunasema aanze hapo. Kwa sauti za kawaida (mlango, mvua, hatua za mguu, kioo kuvunjika) kuko Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 na universite moja ya Barcelona. Inaomba ujiandikishe, na kila sauti iko na lisansi yake, zingine NC, kwa hiyo chuja kwanza. Kwa muziki, Kevin MacLeod wa Marekani ametoa nyimbo nyingi sana kwa BY. Mumekwisha kuzisikia bila kujua, juu ya video za watu. Sharti lake ni jina lake tu, na watu wanashindwa hata hilo. Itch.io nayo iko na mingi, lakini kule neno bure linasema bei tu. Fungua ukurasa, soma mwenyewe ameandika nini chini. Kama hakuandika kitu, muulize. Kama hajibu, acha.

Ndani ya dosie ya mchezo wako, siku ya kwanza kabisa, fungua fishie moja ya maandishi, iite MAJINA. Kila unapochukua kitu, mbele hata ya kukisikiliza mara ya pili, andika: jina la kazi, jina la mwenyewe, fasi ulipoitoa, lisansi, na kama umebadilisha kitu. Dakika moja. Ukingoja mpaka mwisho, utakuwa na sauti 60 zinazoitwa "son1", "son2", "son_bon_final", na hautajua ni za nani.

Na hapa kuko jambo letu siye, watu wa huku, ambalo wale wenye koneksio ya usiku na mchana hawalijui. Siye hatutelesharje kila mutu kivyake, mega zinauma. Mmoja anatelesharje usiku, halafu kitu kinatembea: flash, Bluetooth, kadi ya telefone, kutoka Katuba mpaka Kenya mpaka Likasi. Hiyo ni njia nzuri na tunaitetea. Lakini kila kitu kinapotembea hivyo, cha kwanza kinachoanguka njiani ni jina. Mutu anachukua picha 10 ndani ya 200, anaacha fishie ya lisansi juu anaona ni karatasi tu. Wa tatu anapokea hizo 10 akifikiri hazina mwenyewe. Wa nne anaziweka kwenye Facebook akisema ni zake. Tumeyaona haya hapa mjini, na hatutataja mutu. Basi sheria yetu ndani ya kikundi ni moja: dosie isiyokuwa na lisansi ndani haiingii kwenye flash yetu, hata iwe nzuri namna gani.

Juu ya uzito, maneno machache. Sauti ya WAV ya stereo inakula kama mega 10 kwa dakika moja. Ukiigeuza OGG inakuwa karibu mega 1, na sikio la telefone halitaona tofauti. Audacity inaifanya bure. Chunga WAV kwako, ndani ya mchezo weka OGG. Kwa muziki unaozunguka usitumie MP3, mara nyingi inaacha kimya kidogo pale mwisho unapokutana na mwanzo, na mchezaji atakisikia kila dakika mpaka achukie wimbo. Michoro midogo, tumia PNG; JPG inaichafua pembeni.

Tatizo lingine, na hili njo tunaliona zaidi kwa michezo ya wenzetu: kila kipande ni kizuri, lakini vyote pamoja ni kama mutu aliyevaa koti la baridi ya Ulaya, jezi ya Mazembe na viatu viwili tofauti. Mti wa huyu, nyumba ya yule, mutu wa wa tatu. Mwaka 2012 OpenGameArt na wenzake walifanya shindano lililoitwa Liberated Pixel Cup, na mbele ya kuanza waliandika kanuni: vipande vya ardhi ni pikseli 32 kwa 32, mwanga unatoka upande huu, rangi ni hizi. Ndiyo maana mpaka leo watu wasiojuana wanaongeza kitu juu ya kile na vyote vinapatana. Chagua familia moja ya michoro ukae nayo. Ukilazimika kuongeza kitu cha nje, geuza rangi zake zifanane na zako, kama lisansi inaruhusu.

Lakini ile familia nzuri ya Liberated Pixel Cup inachora nini? Ngome za mawe, askari wa upanga, vijiji vya Ulaya ya zamani. Vizuri kabisa. Na ukiandika "Afrika" ndani ya hizo fasi, unapata zaidi simba, jua linalozama na ngoma ya djembe. Djembe ni ya kule Mali na Guinea, wandugu. Si ya hapa.

Njo tunafika kwa kile tulichokuja kusema. Kuchukua vya bure ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kuweka. Kama siye hatuweki, mtoto wa Lubumbashi atatengeneza mchezo wake na ngome ya Ulaya, na mtengenezaji wa Canada anayetaka mji wa Kongo ndani ya mchezo wake ataweka msitu na bunduki, juu hatapata kitu kingine.

Kwa nini makuta ndani ya mchezo yawe daima ya dhahabu ya mviringo? Huku kulikuwa msalaba wa shaba, watu walinunua nao. Pikseli 32 zinatosha kabisa kuuchora. Ile shimini yetu na mulima mweusi pembeni yake, kila mutu wa hapa anaijua hata kwa kivuli. Kuko taksi-basi na konvoyere anayening'inia mlangoni. Kuko sufuria ya bukari, mwiko unaogeuka. Kuko fundi anayegonga shaba, na sauti yake haipo kwingine.

Na kugawana michoro si jambo la wazungu wa intaneti. Waulizeni wazee juu ya wachoraji wa mji huu wa miaka ya 1970. Mamba Muntu ilichorwa na wengi, ikatundikwa ndani ya salo nyingi. "Colonie belge" vilevile, na ile askari na kiboko. Mchoraji alichukua hadithi ile ile, akaichora kwa mkono wake, na hakuna aliyesema umeniibia. Lakini angalieni pembeni chini: kila mmoja aliweka sahihi yake. Tshibumba Kanda Matulu aliweka yake. Hiyo ni BY, mbele ya Creative Commons kuzaliwa.

Kuna upande mwingine wa hadithi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, ile tunayoiita leo Likasi, akamukuta Mwenda Jean Bosco na gita, akamurekodi. Bila yeye pengine dunia ingechelewa kulisikia lile gita, na hatusemi vibaya juu yake. Lakini leo rekodi zake zinachungwa Afrika ya Kusini, ndani ya maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Wakati ule chombo cha kurekodi kilikuwa cha mutu mmoja na gari yake. Leo kiko ndani ya mfuko wa kila mmoja wenu.

Basi rekodini. Chumba kidogo, godoro limesimamishwa ukutani, blanketi juu ya dirisha, jenereta ya jirani imezimwa (hapa mutaomba kwa adabu). Telefone iwe kwenye avion, isilie katikati. Kama ni likembe, pigeni sauti moja moja, kila moja iachwe mpaka ife yenyewe, juu mutengenezaji anahitaji vipande, atajenga wimbo wake. Kwa soko, dakika mbili za kelele bila mutu anayeita jina la mutu.

Lakini kuomba ruhusa kunapita ufundi wote. Tulienda kwa mzee mmoja anayepiga likembe. Tukamweleza. Akatuuliza: "Sasa mukiweka kule, nani atakula?"

Tukasema: "Papa, pengine hakuna. Mutu wa Brazil anaweza kuchukua, akauza mchezo wake, na weye haupate franga. Jina lako tu njo litaandikwa."

"Na nikigeuza roho?"

"Hautaweza kuirudisha. Wenye walishaichukua, walishaichukua."

Akanyamaza kidogo. Akasema sauti moja moja tuchukue, hizo ni chuma na mbao tu, hata CC0 haimusumbui. Wimbo aliofundishwa na baba yake, hapana. Tukazima telefone akaupiga, tukausikiliza hivyo hivyo, na hauko kwenye flash yetu.

Tunaona mzee alikata vizuri kuliko sheria zote tulizosoma. Tangu siku hiyo njo tunafanya vile: sauti za barabara, vipande, michoro ya vitu, tunaachilia kwa CC0. Wimbo mzima ao picha yenye mkono wa mutu ndani yake, BY ao SA, na mwenyewe aelezwe kwa Kiswahili mpaka aelewe kwamba hakuna kurudi nyuma. Nyimbo za kilio na za mambo ya ukoo, hatugusi hata tukiruhusiwa na mutu mmoja, juu si za mutu mmoja.

Kuko aliyetuuliza pale mwishoni kama hii itatupa kazi. Hatutamudanganya. Picha ya msalaba wa shaba haitalipa nyumba mwezi huu. Lakini Kiro'o Games ya Cameroun ilitoa Aurion mwaka 2016, mchezo unaosimama juu ya hadithi za Kiafrika, na walianza kuuota wakati watu wanawacheka. Aliyetengeneza mchezo mmoja mdogo mpaka mwisho, wenye majina yote yameandikwa, ako na kitu cha kuonyesha. Wengi wetu tuko na diplome tu.

Jumamosi tunaendelea, saa ya tisa, fasi ile ile. Tunachora vitu vya soko kwa pikseli 32, na wenye telefone nzuri watatoka kurekodi fundi wa shaba, alishakubali. Leteni flash tupu. Na mukuje mukijua ni jina gani mutaandika ndani ya ile fishie, la kweli ao la kisanii, juu litakaa hapo.